Mtamba Wako Anapiga Teke? Mwongozo Kamili wa Kumzoesha Kukamuliwa Bila Kiboko

Simu ninazopokea kutoka Njoro, Molo, Bahati na hata Muhoroni zinafanana sana. "Mtamba amezaa juzi. Kiwele kimejaa mpaka kinang'aa, lakini nikimgusa tu, teke. Nimemfunga miguu, watu watatu wanamshika, na ndoo bado imemwagika." Nikiuliza kiwele chake kilianza kuguswa lini, jibu huwa moja: jana.

Hebu mfikirie ng'ombe huyo wa uzazi wa kwanza. Ameishi miaka miwili na zaidi bila mkono wa mtu kufika pale. Ametoka kuzaa kwa uchungu, kiwele kimevimba, ndama wake ameondolewa, halafu saa kumi na moja alfajiri anazungukwa gizani na watu wenye kamba. Teke lake si ukaidi. Hana njia nyingine ya kusema "naogopa" au "naumia", na kazi yako ni kutambua anasema lipi, kwa maana dawa ya hofu si dawa ya maumivu.

Mwongozo huu unaanza miezi miwili kabla ya kuzaa. Kama wako amekwisha kuzaa, soma hatua ya kwanza na ya pili, kisha nenda moja kwa moja hadi ya tano.

## Vitu utakavyohitaji

- Brashi ngumu kiasi. Ya kufulia nguo inatosha.
- Hatamu ya kamba laini na nene. Katani huchubua, nailoni nyembamba hukata ngozi.
- Chakula cha ng'ombe wa maziwa au pumba, kilo moja hadi mbili kwa kila kukamua, na hori la kukiwekea.
- Maji ya uvuguvugu na vitambaa viwili safi, kimoja cha kuoshea na kimoja kikavu.
- Mafuta ya kukamulia.
- Kikombe chenye rangi nyeusi ndani, au kipande cha kitambaa cheusi, cha kukagulia maziwa ya kwanza.
- Dawa ya iodini ya kuchovya chuchu na kikombe chake, vyote vya agroveti.
- Ndoo ya alumini au ya chuma kisichoshika kutu.
- Taa yenye mwanga mpana. Tochi ya simu inayoyumba haifai.

Na mtu mmoja. Kama ni wewe, basi ni wewe kila siku. Kama ni kijana wa kazi, basi mkabidhi kabisa, umweleze sababu ya kila hatua, na usimkaripie akichelewa kumaliza. Mkamuaji anayeogopa tajiri wake hufanya haraka, na haraka yake inaishia mgongoni mwa ng'ombe.

Fimbo na kamba ya miguu viache nje ya boma.

## Hatua ya 1: Jifunze kumsoma

Siku mbili za kwanza usifanye lolote. Simama karibu na boma, mtazame.

Ng'ombe aliyetulia hucheua. Kichwa chake kiko chini au usawa wa mgongo, masikio yamelegea, mkia unaning'inia tu. Mwenye hofu huinua kichwa juu, masikio yanakuelekea au yanarudi nyuma yakiwa yamekaza, na weupe wa macho unaonekana. Mkia ataubana katikati ya miguu. Atakunya na kukojoa mara kwa mara, kinyesi kikiwa chepesi kuliko kawaida. Ukiona anaacha kucheua unapokaribia, hiyo ndiyo alama yangu ya kwanza kuitegemea: moyo wake umeshtuka, hata kama miguu imetulia.

Mwenye maumivu ana sura nyingine. Macho yamefifia, masikio yanaanguka, mgongo unapinda kidogo, anakula kwa kusitasita, pengine anasaga meno. Hatapiga teke mpaka uguse mahali panapouma.

Umefaulu unapoweza kusema, kabla hujamgusa, kama leo ametulia au la. Ukikuta hajatulia, siku hiyo fanya kidogo.

## Hatua ya 2: Anza shingoni (miezi miwili kabla ya kuzaa)

Ng'ombe hulambana wao kwa wao, na mahali wanapopenda ni shingoni, begani na kichwani. Ukimkuna hapo anakupokea kama mwenzake. Mapigo ya moyo wake hupungua, na utaona shingo ikinyooshwa, macho yakifumba nusu. Ndiyo maana hatuanzi na kiwele.

Mwendee kutoka upande wa bega. Macho ya ng'ombe yako pembeni mwa kichwa, hivyo anaona karibu mzunguko wote isipokuwa nyuma yake kabisa. Ukitokea nyuma, kwake umeanguka kutoka mbinguni. Ongea naye ukiwa bado mbali, kwa sauti ya chini. Wengi wetu huku huimba au hupiga mluzi taratibu wakati wa kukamua. Anza wimbo huohuo sasa, ili siku ya kuzaa auzoee kama anavyozoea harufu yako.

Dakika kumi kila siku, wakati ambao baadaye utakuwa wa kukamua. Mkune kwa vidole, kisha kwa brashi.

Jambo moja watu hawalitilii maanani: ng'ombe hutofautisha watu, na mavazi humsaidia kuwatambua. Jirani yangu alikuwa na mtamba mpole aliyegeuka simba kila jioni. Tulihangaika wiki nzima. Kumbe jioni jirani alikuwa akivaa ovaroli ya kijani, rangi ileile ya yule aliyekuja kumchoma sindano na kumkata pembe. Alipobadilisha nguo, vita vikaisha. Siku ya sindano, basi, mkamuaji asiwe ndiye anayemshika.

Tahadhari: usimkune kwenye paji la uso kwa kusukuma, hasa akiwa bado mdogo. Kusukumana vichwa ndiyo njia yao ya kupimana nguvu, nawe hutaki akujaribu atakapofikisha kilo mia nne.

Umefaulu anapokuja mwenyewe ukiingia.

## Hatua ya 3: Kutoka shingoni hadi kiweleni

Hapa ndipo wengi huharibu, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Peleka brashi kutoka begani, mgongoni, ubavuni, tumboni, kisha paja. Siku moja sehemu moja. Ukifika mahali anapokaza misuli au kuinua mguu, usiendelee mbele wala usikimbie. Acha mkono utulie pale, mwepesi, mpaka alegee hata kwa sekunde tatu. Ndipo uuondoe.

Sababu yake ni hii. Ukiondoa mkono wakati anapiga teke, umemfundisha kuwa teke linafanya kazi. Ukimpiga kwa sababu ya teke, umemthibitishia kwamba alikuwa na haki ya kuogopa. Ukiondoa mkono wakati ametulia, amejifunza kwamba utulivu ndio unaomwondolea usumbufu. Ng'ombe hujifunza haraka sana, na anachojifunza akiwa na hofu hakisahau upesi.

Kama ni mkali hata huwezi kukaribia, chukua ufito mrefu, ufunge kitambaa laini kwenye ncha yake kama bonge, umpapase kwa huo ukiwa umesimama salama begani. Ufito huo ni mkono wako uliorefushwa. Hata siku moja usiutumie kumchapa, maana ukimchapa mara moja hautafaa tena.

Teke la ng'ombe huanzia mbele na kuzunguka kwenda pembeni na nyuma. Mahali pa hatari zaidi ni umbali wa mkono mmoja kutoka kwenye paja. Simama karibu na bega, au ukiwa umechuchumaa, karibu kabisa na mwili wake, bega lako likigusa ubavu. Ukiwa karibu hivyo utahisi misuli inakaza kabla mguu haujanyanyuka.

Ukifika kwenye kiwele, papasa kwa mgongo wa mkono, kisha kiganja, kisha gusa kila chuchu.

Tahadhari kubwa: usizikamue chuchu kabla hajazaa, hata kwa kujaribu. Ncha ya chuchu imezibwa na kizibo cha asili kinachozuia vijidudu. Ukikitoa umefungua mlango wa ugonjwa wa kiwele kabla hata hujaona maziwa. Gusa, usiminye.

Umefaulu anapoendelea kucheua huku umeshika chuchu zote nne moja baada ya nyingine.

## Hatua ya 4: Mzoeshe mahali penyewe (wiki tatu kabla)

Mlishe kwenye krashi yako ya kukamulia, yaani kile kizimba chembamba anachosimama, kila siku, bila kufunga mlango mwanzoni. Aingie, ale, atoke. Siku ya nne au ya tano funga kwa dakika mbili, ufungue angali anakula.

Kagua sakafu. Saruji laini iliyolowa mkojo inateleza, na ng'ombe aliyewahi kuteleza hatasahau mahali hapo. Ichongeni mistari au mwageni mchanga. Leta ndoo ya alumini, igongegonge taratibu akiwa anakula, maana mlio wa chuma humshtua asiyeuzoea. Taa iwake kabla hajaingia. Kutoka mwangani kuingia gizani ni jambo wanalolikataa, na kivuli kinachoyumba ukutani wanakiona kama kiumbe.

Umefaulu anapokutangulia kuingia.

## Hatua ya 5: Siku ya kuzaa

Mwache amlambe ndama. Usiharakishe kumwondoa. Kumlamba kunamkausha mtoto, kunaamsha damu yake, na kunamtuliza mama.

Ndama apate dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, mapema iwezekanavyo, ndani ya saa chache za kwanza. Uwezo wa utumbo wake kufyonza kinga iliyomo hupungua kila saa, na kufikia saa 24 umekwisha. Ndama wa kilo 40 anahitaji kama lita nne siku hiyo. Hivyo hata kama mama anapiga teke, kukamua siku ya kwanza hakuna kuahirisha. Ila watu wasizidi wawili, na asiwepo mgeni.

Kiwele cha mtamba mara nyingi huvimba kabla na baada ya kuzaa, ngozi ikibonyea na kubaki na alama ya kidole. Kinauma. Kikande kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu dakika tano, ukipandisha kutoka chini kwenda juu, kabla ya kushika chuchu. Uvimbe huo hupungua wenyewe kwa siku kadhaa. Mtamba mpole aliyefuata hatua zote nne bado anaweza kupiga teke siku hizi, na akifanya hivyo mvumilie.

## Hatua ya 6: Kukamua kwenyewe

Weka chakula. Mkune shingo nusu dakika. Osha chuchu, zifute zikauke kabisa, kisha toa michirizi miwili mitatu ya kila chuchu kwenye kikombe cheusi uangalie kama kuna mabonge, damu au majimaji.

Kumwosha na kumgusa huku ndiko kunakoita maziwa. Ubongo wake unatoa homoni iitwayo oksitosini, inayopita kwenye damu na kufika kiweleni baada ya kama dakika moja. Hapo vifuko vya maziwa hujibana, na chuchu zinajaa mkononi mwako. Nguvu ya homoni hiyo ni ya dakika chache tu, tano hadi nane hivi. Kwa hiyo ukishaosha, usiende kutafuta ndoo.

Akiogopa, mwili wake unatoa adrenalini. Hiyo hubana mishipa ya damu ya kiwele na kuzuia oksitosini kufanya kazi. Maziwa yako ndani, lakini hayashuki, na yanaweza kukataa kwa nusu saa. Mkulima anayempiga ng'ombe ili atoe maziwa anayafunga kwa mkono wake mwenyewe. Yale yanayobaki ndani kila siku huufundisha mwili kutengeneza kidogo, na ugonjwa wa kiwele unapata nafasi.

Paka mafuta kidogo. Ziba sehemu ya juu ya chuchu kwa kidole gumba na cha shahada, kisha funga vidole vingine kimoja baada ya kingine kushuka chini. Unaminya, huvuti. Kuvuta chuchu kwa kidole gumba kilichokunjwa, kama wengi tulivyofundishwa, humuumiza na huchubua ndani ya chuchu. Kama chuchu za mtamba wako ni fupi, tumia vidole vitatu, lakini bado minya.

Ukimaliza, chovya kila chuchu kwenye iodini. Mpe nyasi ili asimame kama nusu saa, kwa kuwa tundu la chuchu bado liko wazi na akilala kwenye samadi vijidudu vitaingia.

Kamua saa zilezile kila siku.

## Hatua ya 7: Akipiga teke

Acha. Pumua. Jiulize: alipiga kabla sijamgusa, au baada?

Akipiga kabla hujamgusa, au popote unapomgusa nyuma, hiyo ni hofu. Rudi shingoni, imba, shuka tena taratibu. Pengine leo utakamua nusu saa badala ya dakika kumi, na usijute muda huo.

Akipiga unapogusa chuchu moja au upande mmoja tu, hayo ni maumivu. Tazama kama chuchu ina ufa, kidonda au alama za meno ya ndama. Linganisha joto la pande zote nne kwa mgongo wa mkono. Angalia kucha zako pia. Nimeona mtamba mwema akichapwa siku tatu kwa kosa la ukucha mrefu wa mkamuaji.

Nami nimekosa. Mtamba wangu wa kwanza, aina ya Ayrshire ambaye watoto walimwita Sifa, alipiga teke asubuhi ya pili na nikamruhusu kijana amchape kwa mpini wa jembe. Akasimama kimya, tukadhani ameelewa. Alikuwa anatetemeka, na ndoo ilipata vikombe viwili. Jioni upande mmoja wa kiwele ulikuwa moto kama chungu. Alikuwa mgonjwa tangu asubuhi, na alikuwa ametueleza. Ilichukua karibu miezi miwili kabla hajaacha kurudi nyuma akisikia hatua za kijana yule. Kumtesa mnyama hivyo ni kosa pia chini ya Sura ya 360 ya sheria za Kenya, lakini mimi kilichoniuma hakikuwa sheria.

Kuhusu kamba ya miguu. Kama usalama wako uko hatarini na maziwa lazima yatoke, ifunge juu ya magoti ya nyuma kwa umbo la nane, kamba laini, fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja, na uifungue mara unapomaliza. Itumie siku hiyo, siyo kila siku. Mtamba asiyewahi kufungwa akifungwa ghafla anaweza kuanguka na kuumia nyonga. Kumkunja mkia, nako, usikujaribu. Mifupa ya mkia huvunjika kwa urahisi.

Kuhusu sindano ya kushusha maziwa. Kuna wanaoichoma kila asubuhi kama chai. Ni dawa ya daktari wa mifugo kwa tatizo maalumu. Haiondoi hofu, na sindano yenyewe humwongezea sababu ya kukuogopa.

## Kwa wenye chotara wa zebu

Kama uko Ahero, Nyando au pande za Busia na ng'ombe wako ana damu nyingi ya zebu, yaani ng'ombe wa nundu, kama vile Sahiwal, usishangae hatua ya 6 ikikwama. Wengi wao hawashushi maziwa mpaka wamwone au wamnuse ndama. Hayo ndiyo maumbile yao. Mwache ndama anyonye nusu dakika, mfunge mbele ya mama ambapo anaweza kumlamba, kamua, kisha mwachie ndama sehemu yake.

Ndama akifa, mama atalia, siku tatu au zaidi, akirudi mahali alipomwona mwisho. Mwache amnuse kabla hujamzika, na usimhamishie boma jingine wiki hiyo. Wafugaji wa zamani huweka ngozi ya ndama mbele yake wakati wa kukamua, na kwa wengine husaidia. Mimi huanza tena na shingo, muda mrefu zaidi, na chakula anachokipenda.

## Utajuaje kwamba mmefika

Wengine huchukua siku tatu, wengine wiki tatu. Mtamba aliyezoea huingia mwenyewe, hacheleweshi maziwa, na baadhi hucheua katikati ya kukamua. Hanyi kila anapoingia krashini. Ukimaliza hakurupuki kutoka.

Mwite daktari wa mifugo, bila kusubiri kesho, ukiona upande mmoja wa kiwele ni moto au mgumu, maziwa yana mabonge au damu nyingi, hataki kula, kondo la nyuma halijatoka baada ya saa 24, au anayumba na kushindwa kusimama siku za kwanza baada ya kuzaa. Akitibiwa kwa viuavijasumu, muulize daktari ni siku ngapi maziwa hayo hayafai kuuzwa wala kunywewa.

Na kama aliyezaliwa ni jike, anza naye wiki hii. Dakika tano, shingoni, kwa wimbo uleule.